Mrushaji chipukizi na tamaa ya mipira mingi

Julai 2024, mrushaji wa softboli NiJaree Canady alihama Chuo Kikuu cha Stanford na kwenda Texas Tech kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye thamani ya dola 1,050,024. Milioni moja yake, elfu 50 za kujikimu, na zile dola 24 za mkiani ni kwa heshima ya namba ya jezi yake. Katika mchezo ambao hata wanaoucheza kwa kulipwa wamezoea mishahara ya kubana, kiasi hicho kiliwaacha wengi midomo wazi.

Habari za fedha zimeandikwa hadi zikachosha. Lisilosemwa sana ni kwamba binti huyo aliyekulia Topeka, Kansas, ameijenga sifa yake hasa juu ya mipira miwili: mmoja wa kupaa, unaopita usawa wa kifua cha mpigaji kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa na ushei, na mwingine wa polepole, unaotoka kwenye mkono uleule na mzunguko uleule wa bega, ila unachelewa kufika. Mingine anayo, na huitumia. Lakini mwondolee hiyo miwili uone kama utamtambua.

Sasa nenda kwenye kiwanja chochote cha watoto nchini Marekani, Jumamosi asubuhi, umuulize mrushaji wa miaka 11 anajua mipira mingapi. Usishangae akikuhesabia mitano au sita: wa kasi, wa polepole, wa kuzama, wa kupaa, wa kupinda nje, wa kupinda ndani. Baba yupo pembeni anatikisa kichwa kwa fahari, maana kila mmoja wa hiyo sita amelipia masomo yake. Kisha mechi inaanza, na mipira yote sita inakwenda njia moja.

Kwa msomaji ambaye softboli anaisikia kwa mbali: mchezo huu ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, kama besiboli ya kukwepa baridi. Baadaye ulitoka nje ukapata sheria zake. Mpira wake una mzingo wa sentimita 30.5 na uzito usiofika gramu 200. Mrushaji haruhusiwi kurusha kwa juu. Mkono huzunguka duara zima begani na kuuachia mpira kando ya nyonga. Kuanzia sekondari hadi Olimpiki husimama mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani, walio chini ya miaka 12 mita 12.19, na walio chini ya miaka 10 mita 10.67, tena kwa mpira mdogo zaidi. Kwenye besiboli ya wanaume umbali ni mita 18.44, kwa hiyo usidanganywe na kasi ndogo ya softboli. Mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla hajauachia mpira, kiasi kwamba njia inayobaki ni kama mita 11 na kidogo. Mpira wa kilomita 97 kwa saa huimaliza njia hiyo kwa takriban sekunde 0.42. Ndani ya muda huo mpigaji aone, aamue na azungushe gongo.

Swali la mpira upi ufundishwe lini linaanzia hapo, kwenye sehemu ndogo ya sekunde.

Wa kwanza ni wa kasi, na hapo hapana mjadala. Mjadala upo kwenye neno "anaujua". Mtoto anaujua mpira wa kasi pale anapoweza kuutuma chini nje, chini ndani, juu nje na juu ndani kwa kuagizwa, si kwa bahati. Mimi ningetaka saba kati ya kumi ndipo nianze kusikiliza habari za mpira mwingine. Kipimo hicho ni kikali, najua, na wazazi wachache wana subira nacho. Lakini eneo la straiki, lile ambamo mpira hutakiwa kupita mbele ya mpigaji, ni pana vya kutosha kwa mtoto kuwa na mipira minne tofauti kabla hajajifunza kuuzungusha hata mmoja. Mpigaji wa miaka 12 aliyerushiwa ndani, karibu na mikono, halafu ukafuata wa nje chini, huwa ameshasogeza miguu bila kujua.

Umuhimu wa kuutuma mpira unapotaka Canady mwenyewe aliuonja kwa uchungu. Juni 2025, kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya vyuo vikuu huko Oklahoma City, timu yake iliamua kumpa Reese Atwood wa Chuo Kikuu cha Texas besi ya bure: mrushaji anatupa mipira minne nje kabisa ya eneo na mpigaji anatembea. Mmoja wa mipira hiyo haukwenda nje vya kutosha. Atwood akaunyooshea gongo, wakimbiaji wawili wakafika nyumbani, Texas ikashinda 2–1. Si wa kupaa, si wa polepole. Ulikuwa mpira ambao hakuna kocha anayetoza ada kuufundisha.

Namna ya kuuachia mpira wa kasi nayo ina maneno yake, na inagusa moja kwa moja uchaguzi wa mipira inayofuata. Kwa miaka mingi makocha wengi wa Marekani waliwafundisha watoto kukunja kifundo cha mkono kwa nguvu kisha kuinua kiwiko juu mbele ya uso, na mtoto aliyemaliza vingine alirudishwa. Zilipoenea video za mwendo wa polepole, ikaonekana kwamba warushaji wakubwa, wakiwemo wale waliokuwa wakifundisha hivyo, wenyewe hawarushi hivyo. Kigasha chao hugusa nyonga, mkono unajizungusha kwa ndani, na kiwiko kinabaki chini. Ugomvi haujaisha. Lakini anayemtazama mtoto kwa makini atagundua kuwa mkono wake tayari una tabia yake: mmoja mpira humtoka ukizama kidogo, mwingine humtoka ukivutwa pembeni. Kocha mwenye akili huchukua tabia hiyo kama mtaji.

Mpira wa pili uwe wa polepole. Hapa sina simile.

Hesabu yenyewe inatosha. Chukua mrushaji wa kilomita 97, halafu mpira wake wa polepole uwe wa kilomita 77. Huu wa pili unafika baada ya sekunde 0.53 hivi. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini maana yake ni kwamba mpigaji aliyepima gongo lake kwa mpira wa kasi atakuwa ameshalipitisha huku mpira ukiwa bado mita mbili na zaidi mbele yake. Hauhitaji kupinda, na wala hauhitaji mkono mrefu. Unachohitaji ni uongo mmoja mzuri: bega, mguu, uso na kasi ya mkono vifanane na mpira wa kasi hadi nukta ya mwisho. Wengine huubana mpira ndani kabisa ya kiganja ili vidole visiusukume. Wengine huugeuza mkono, mgongo wa kiganja ukatangulia kuelekea kwa mdakaji, mpira ukatoka kama unaosahauliwa nyuma. Njia si hoja. Hoja ni kwamba mtoto asipunguze mwendo wa mkono, kwa sababu mpigaji wa miaka 13 tayari anaiona breki hiyo.

Kwa nini basi ndio unaopuuzwa? Kwanza unaaibisha. Wiki za mwanzo unapaa juu ya uzio au unadunda mbele ya miguu ya mrushaji mwenyewe. Pili, hauna la kutamba nalo. Siku hizi kila kiwanja kina mzazi mwenye kipima kasi cha mkononi, na hajawahi kutokea mzazi aliyempigia simu bibi wa mtoto kumwambia kuwa leo binti kashusha kilomita 20. Nakiri kwamba hicho kifaa sikipendi. Kinapima kitu kimoja tu na kuifanya familia nzima iamini hicho.

Wa tatu ndio wenye fitina: wa kuzama au wa kupaa?

Watoto wanataka wa kupaa. Ndio unaopigwa picha, ndio mpigaji anazungusha gongo chini yake na kuzunguka mwenyewe kama pia. Ni mpira uliomsumbua hata Ted Williams, mmoja wa wapigaji bora katika historia ya besiboli, alipokutana na mrushaji wa softboli Joan Joyce huko Waterbury, Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye mechi ya hisani. Mbele ya maelfu ya watu hakupata la maana, akaondoka zake. Jicho lake lilikuwa limezoea mipira inayotoka juu kuja chini. Huu wa Joyce ulitoka chini kando ya nyonga na kuja juu.

Tatizo ni fizikia. Ili mpira upande kweli angani, njia yake ipinde kuelekea juu, nguvu ya hewa inayotokana na kuzunguka kwake kinyumenyume ingebidi iushinde uzito wake wote. Mkono wa binadamu haujafikia huko. Mzunguko mzuri wa kinyumenyume unaufanya uanguke kidogo kuliko jicho linavyotarajia, na hilo pekee hutosha kulidanganya gongo. Lakini mzunguko huo ni mgumu kuupata ukirushia chini: vidole vipite chini ya mpira, kiganja kitazame juu, kiwiliwili kibaki nyuma kidogo. Watoto wengi wanaodhani wanarusha wa kupaa, mpira wao unazunguka kama risasi, ncha ikimwelekea mpigaji, na mzunguko wa namna hiyo hauinui wala haushushi chochote. Kinachobaki ni mpira mnyoofu, usio na haraka, usawa wa kifua. Mpigaji yeyote aliyelala vizuri atautuma nje ya uzio. Makocha wengi husema wa kupaa haufai kutegemewa kabla mrushaji hajakaribia kilomita 97 kwa saa, na wasichana wengi wa miaka 12 bado wanazunguka kati ya kilomita 65 na 80.

Wa kuzama una rafiki: uvutano wa dunia. Mpira wa kilomita 72 kwa saa, katika nusu sekunde ya safari yake, tayari unavutwa chini zaidi ya mita moja ukilinganisha na mstari ulioanzia. Ukiuongezea mzunguko wa kwenda mbele, kama ule wa mpira wa tenisi ya meza uliopigwa kwa kukwanguliwa juu, unazama zaidi, na unazama mwishoni, karibu na magoti. Tena mtoto haadhibiwi vikali akikosea. Wa kuzama usiozama unapigwa chini, unabingirika kwa mabeki wa ndani. Wa kupaa usiopaa unaokotwa na watoto wa jirani.

Nitaueleza kwa karibu, kwa sababu ndio ningeanza nao. Vidole vinne au vitatu vinakaa juu ya mshono mrefu, kucha zikiwa upande wa nyuma, dole gumba mbele. Hatua ya mguu wa mbele ni fupi kidogo kuliko kawaida, ili uzito uje juu ya mguu huo na bega litangulie. Mkono unashuka, unapita nyonga, na hapo dole gumba ndilo linalotangulia kuachia. Vidole vilivyobaki vinaukwangua mpira kwa nyuma kuelekea juu na kuubandua kwenye mshono. Hakuna kupindisha mkono kwa makusudi. Ipo aina nyingine, ya kuupindua mkono juu ya mpira wakati wa kuachia, nayo huzama sana, lakini inakitwisha mzigo kigasha na kiwiko. Hiyo ingoje mpaka mwili ukomae.

Wa kuzama kwanza ni kanuni ya wengi, haiwi ya wote. Timu ya Marekani iliyokwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 ilikuwa na warushaji wawili wa mkono wa kushoto, wote warefu, wote wakongwe. Monica Abbott, ambaye mwaka 2012 alipimwa akirusha mpira wa maili 77 kwa saa, karibu kilomita 124, aliishi kwa kasi na mipira ya juu. Cat Osterman hakuwa na kasi hiyo hata siku moja. Silaha yake ilikuwa mpira unaozama huku ukikata pembeni. Chuoni, Osterman aliwatoa wapigaji 2,265 kwa straiki akiwa Texas, na Abbott 2,440 akiwa Tennessee, rekodi ya vyuo vikuu vya nchi hiyo. Mkono mmoja, kimo kinachokaribiana, jezi moja, silaha mbili tofauti. Anayetaka kumwamulia mtoto kwa kutazama urefu wake peke yake, awatazame hao kwanza.

Ya kupinda pembeni nitaipitia haraka. Gongo husafiri likiwa limelala. Mpira unaohama kulia au kushoto bila kubadili kimo unabaki kwenye njia ya gongo. Kinachohama ni mahali utakapogonga tu. Wa kupinda nje una kazi yake kwa aliyekwisha kuwa na mitatu mingine, hasa akiuunganisha na kuzama. Wa kupinda ndani, kwa mtoto, sioni haraka yake. Mingi inayoitwa hivyo ni mipira ya kasi iliyokosea njia ikapewa jina.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilipi uzito. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kurushia chini ni kitu cha asili, hakuumizi, kwa hiyo mrushaji wa softboli anaweza kurusha kila siku. Watafiti wa mienendo ya mwili waliowapima warushaji tangu miaka ya 1990, wakiwemo wa Olimpiki ya Atlanta, walikuta bega likibeba nguvu zinazokaribiana na za kurushia juu, na msuli wa mbele wa mkono ukifanya kazi kubwa kupita ilivyodhaniwa. Kila mpira mpya unaoongezwa kwenye orodha unadai mamia ya marudio, na marudio hayo yanalipwa na bega lilelile. Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, 318 kati yake siku moja, na siku ya pili akaifunga Marekani 3–1 kwenye fainali. Miaka 13 baadaye, akiwa na miaka 39, aliwashinda tena Wamarekani haohao kwenye fainali ya Olimpiki huko Yokohama, 2–0. Ni simulizi tamu, lakini Ueno alikuwa mtu mzima wa miaka 26 aliyekomaa mifupa. Kocha anayemtolea mtoto wa darasa la sita mfano huo anatafuta kombe.

Namna ya kujua mtoto ana mipira mingapi ya kweli ni rahisi. Marekani leo, mara nyingi si mrushaji anayechagua mpira wakati wa mechi. Kocha anataja tarakimu kutoka pembeni, mdakaji anatazama kadi ndogo iliyovaliwa mkononi, anasoma mpira gani na uende wapi. Basi muulize kocha: katika mechi iliyopita, mpigaji alipofikisha mipira mitatu mibaya na straiki mbili, uliita mipira gani? Jibu huwa ni mmoja, ukibahatika miwili. Hiyo ndiyo orodha halisi. Iliyobaki ni ya kumwonyesha shangazi.

Haya hayako mbali na wasomaji wetu kama yanavyoonekana. Timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Na zipo familia zinazoongea Kiswahili huko Minnesota, Texas na Ohio ambazo mabinti zao wanarudi nyumbani na fomu ya softboli, wazazi wasijue hata gongo linashikwaje. Mzazi wa namna hiyo ana faida moja asiyoijua: hana historia ya kumdanganya. Anaweza kumuuliza mwalimu wa binafsi, bila haya, ni kwa nini mtoto aanze wa nne wakati wa pili haujakaa. Olimpiki ya 2028 inairudisha softboli, na mechi zake zitachezwa Oklahoma City, mbali kabisa na Los Angeles. Ada za masomo hayo hazitashuka.

Kabla ya kulipa, nunua utepe mweusi. Uzungushe kwenye mpira mara moja, katikati, upana wa kidole. Mwambie mtoto aushike utepe ukiwa wima mbele yake na arushe wa kuzama kuelekea kwa mdakaji, huku wewe ukipiga video ya simu kwa mwendo wa polepole. Utepe ukionekana kama mstari mmoja mweusi uliotulia kutoka juu hadi chini, mzunguko upo, na anaweza kuanza kuutupa kwa wapigaji kwenye mazoezi. Ukionekana ukiyumba kila upande, mpira bado ni wa kasi ulioshikwa vibaya. Apunguze umbali, asimame mita tano, arushe kwa goti moja chini, mipira 20 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kisha apigwe video tena baada ya mwezi. Na katika mwezi huo wote, kila mazoezi yaanze na wa polepole, bega likiwa bado halijachoka.